Swichi ya Mlangoni na Mayai ya Chemtai

Kitale,
Ijumaa, saa nane mchana.

Mume wangu, Baba Wanjala,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi ambayo ulinionya juu yake na mimi nikakataa kubeba sweta la pili. Mguu wako unaendeleaje? Unautia kwenye maji ya moto yenye chumvi kila jioni kama daktari alivyoagiza, au unangoja niwepo nikukumbushe? Na ng'ombe mwekundu amekwisha kuzaa? Mimi ni mzima. Magoti hulalamika asubuhi tu, na yakipata uji hunyamaza. Mjukuu wetu Nafula ameng'oka jino la mbele na sasa hacheki mbele ya wageni. Wanjala bado yuko kazini Lodwar. Hupiga simu kila Jumapili na kusema atakuja mwisho wa mwezi, bila kutaja ni mwezi upi.

Barua hii uisome peke yako. Usimpe mtu akusomee hata kama miwani imepotea tena, itafute kwanza. Ningekupigia simu, lakini masikio yako uliyaacha kwenye mitambo ya kiwanda cha karatasi pale Webuye, na habari niliyo nayo siwezi kuipigia kelele majirani wote wakiwa uani.

Katika barua yangu ya kwanza nilikuandikia kwamba soketi mbili za sebuleni zilikuwa zimeungua na kuwa nyeusi, na kwamba fundi alikuja akaziondoa na kuweka mpya. Hakukuwa na fundi. Nilizibadilisha mimi.

Najua umeiweka barua chini. Ichukue tena.

Nilikutazama ukifanya kazi hiyo miaka arobaini, Baba Wanjala. Ni mimi niliyekushikia tochi. Nilikuwa na bisibisi yako ya kupimia umeme, ile yenye kitaa ndani ya mpini, ambayo niliitia mkobani bila kukuomba. Nikaona ni aibu kumwita mtu aje afungue parafujo nne. Nilizima swichi kubwa kwenye mita, nikapima mara mbili, nikafungua. Soketi ya kwanza haikunisumbua. Ya pili ndiyo inayowasha ile taa ndefu ya mezani uliyomchongea Wanjala alipooa. Unakumbuka nyumba hii ilijengwa na mzee aliyependa kufanya mambo kwa namna yake. Soketi hiyo haikuwa na kiswichi chake kama soketi zetu. Ilitawaliwa na swichi iliyo ukutani karibu na mlango, ili mtu aingie kwenye sebule ile ya giza, abonyeze, taa iwake kabla hajajikwaa.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na waya nyekundu nne. Moja ilifungwa kwenye soketi. Tatu zilikuwa zimeunganishwa pamoja nyuma kabisa, ndani ya kiunganishi cha kauri kilichochakaa. Niliifungua ile ya soketi, na nilipovuta, kile cha kauri kilivunjika mkononi mwangu na waya zote nne zikaruka nje kama watoto kengele ikilia.

Sauti yako ilinijia hapohapo: tia alama kwanza, ndipo ufungue. Sikuwa nimetia alama yoyote. Basi nikafanya kama nilivyowafanya wanafunzi wangu miaka yote ya ualimu, bila kujali kwamba zilikuwa tatu kwa moja. Nilizipanga mbili mbili. Mbili nikaziunganisha pamoja, mbili nikazitia kwenye soketi mpya. Nikawasha umeme, nikabonyeza swichi ya mlangoni, taa ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazima. Nikasema kazi imekwisha, nikanawa mikono. Nilijitungia mtihani, nikaufanya, nikausahihisha mwenyewe na kujipa alama zote.

Sasa nikueleze kuhusu Chemtai.

Mkwe wetu alinunua mashine ya kuangulia mayai, sanduku jeupe lenye kioo, na akaiweka kwenye chumba chao cha kulala kwa sababu hakuna upepo huko na Nafula hawezi kuichezea. Akina mama wa kikundi chake cha kanisa walimletea mayai ya kienyeji awaangulie. Aliyapanga akiwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu nilipokuja. Mimi mashine hiyo sikuiona. Unajua siingii chumba anacholala mwanangu na mkewe, na sitaanza uzeeni. Niliisikia tu ikinguruma kidogo nilipopita ukumbini.

Kila asubuhi Chemtai humpeleka Nafula shuleni, kisha huenda kwenye kibanda chake cha ushonaji mjini. Nami nikishabaki peke yangu hufanya ninachofanya katika kila nyumba: huzima kisichotumika. Taa hiyo ya sebuleni huachwa usiku kucha ili mtoto asijikwae akienda msalani, jambo nililolikubali shingo upande. Lakini mchana sebule ile ni ya wageni, na wageni wasipokuwepo sioni kwa nini iwake. Basi nilikuwa nabonyeza swichi ya mlangoni, nafunga mlango, na kwenda nyuma kupalilia sukuma wiki. Saa kumi Nafula akirudi na mtoto wa jirani, narudi ndani na kuiwasha.

Jioni moja Chemtai alitoka chumbani akiwa bado na mkoba begani.

"Mama, stima ilipotea leo?"

"Haikupotea. Redio ya jikoni imekuwa ikiongea tangu asubuhi."

"Mashine imeanza kuhesabu upya. Inaniambia leo ni siku ya kwanza."

"Huenda unabonyeza pasipo pake," nilimwambia. "Kitu cha namna hiyo hutaka kusomewa maelezo yake, si kubahatisha."

Alirudi chumbani. Alikuwa ameyasoma maelezo hayo mara tatu. Baadaye niliona mistari aliyopiga kwa kalamu.

Kesho yake mashine ikasema tena kwamba ni siku ya kwanza. Ndipo akamwita fundi Njoroge, kijana wa wale majirani wetu wakulima wa mahindi, mtu mwenye adabu na viatu safi. Mgeni akija, mimi hufanya nini? Nilifungua sebule, nikawasha taa, nikaweka kitambaa mezani, nikapika chai. Njoroge alikaa chumbani kwa Chemtai nusu saa, akatoka akipangusa mikono.

"Mama, hii mashine iko sawa kabisa. Joto iko sawa, feni inazunguka. Si labda inaona fundi inaogopa, kama mtoto akiona daktari?"

Akanywa chai. Macho yake yakaangukia ukutani.

"Na hizi soketi ni mpya. Nani aliweka?"

"Fundi mmoja," nilisema.

"Alifunga vizuri. Ona parafujo zimenyooka zote."

Baba Wanjala, moyo wangu ulifurahi. Nakiri hata hilo. Nilimwongezea sukari.

Alipoondoka nikatoa vikombe, nikazima, nikafunga mlango. Alikuja mara ya pili juma lililofuata, na mashine ikawa nzima tena, kwa sababu taa ilikuwa inawaka tena, kwa sababu yeye alikuwa mgeni tena. Sikuyaunganisha mambo hayo.

Siku ya ishirini na moja ilifika, ikapita. Hakuna yai lililopasuka. Siku ya ishirini na tano Chemtai aliyatoa, akayavunja moja moja nyuma ya nyumba, kitambaa puani, akayafukia. Akina mama wa kikundi walikuja kumpa pole, na mmoja, mwenye sauti ya kwaya, akasema ameona nyumba nyingi ambazo mkwe na mama mkwe wakikaa pamoja hakuna kinachoota. Alisema akicheka. Chemtai hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshika birika.

Unajua kwa nini maneno yale yaliniuma. Unakumbuka nilivyosema Wanjala alipotuambia anaoa mlimani, kabila lisilo letu. Nilisema mbele ya watu maneno ya kuwadharau watu wake Chemtai, na yalimfikia. Miaka saba amenipikia, ameniita Mama, na hajawahi kunirudishia neno lile. Mimi nami sijawahi kulifuta.

Alitia mayai mengine, arobaini na manane. Alimwambia Wanjala kwa simu, nikisikia, kwamba haya yakiharibika atairudisha mashine kwa aliyemuuzia, na shule zikifungwa atampeleka Nafula kwao mlimani. Hakusema atarudi lini. "Labda nyumba hii hainitaki," alisema. Wanjala alisema kitu, naye akajibu, "Hapana, sijasema ni nani. Nimesema nyumba."

Hii mara ya pili tulifika siku ya saba, Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, mvua ikaja kutoka upande wa mlima kama kawaida ya huku, na radi ndani yake. Nilifanya kama mama yangu alivyofanya. Nilifunika kioo, nikachomoa redio, nikamwita Nafula atoke dirishani. Kisha nikaenda kuzima ile ya mlangoni.

Chemtai alikuwa chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nilipokuja kwamba nimegusa swichi ile yeye akiwa mbele ya mashine yake.

"Mama, stima imepotea," aliita kutoka kule ndani.

Nilitazama jikoni. Balbu ya dari ilikuwa inawaka.

"Haijapotea."

"Huku imepotea. Mashine imezima."

Nilisimama pale mlangoni, mkono bado uko ukutani. Nadhani nilijua kabla ya kujua. Nikabonyeza.

"Imerudi," alisema.

Nikabonyeza tena.

"Imezima." Kisha, kwa sauti nyingine, "Mama, unafanya nini?"

"Ngoja. Sasa je?"

"Imewaka."

"Na sasa?"

Nilisikia hatua zake, akatokea ukumbini, akautazama mkono wangu, akaitazama taa yako iliyozimika. Nafula aliuliza kama ni mchezo na kama anaweza kucheza. Tulimwambia kwa pamoja akae chini.

Niliwasha, nikauondoa mkono wangu ukutani kama mtu aliyeungua.

Ningeweza kusema fundi aliyeweka soketi alikosea. Alikuwepo tayari, fundi yule, nilikuwa nimemtengeneza mwenyewe na kila mtu alimwamini. Nakuambia hili kwa sababu lilinijia, na kwa sababu lilikaa mdomoni mwangu muda ambao mtu huhesabu hadi tano.

"Hakukuwa na fundi," nilisema. "Soketi hizi nilizifunga mimi. Nimezifunga vibaya. Swichi hii inazima taa, na inazima kila kitu kilicho upande wako wa ukuta. Na mimi nimekuwa nikiizima kila siku ukitoka."

Chemtai aliketi kwenye kiti cha wageni. Hajawahi kukikalia nikiwa nimesimama.

"Nilifikiri ni wewe," alisema. "Juma la pili nilianza kufikiri ni wewe. Nilifikiri unaizima kusudi."

"Niliizima kusudi," nilimwambia. "Kila siku, kusudi kabisa. Sikujua ninazima nini."

Mvua ikapiga mabati. Akaweka kiganja usoni, nikadhani analia, kumbe mabega yake yalikuwa yanacheka. Na baada ya kucheka alilia kweli, na mimi sikujua la kufanya na mikono yangu, kwa hiyo nilimpa leso. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia anisamehe pia lile neno la siku ya posa. Sikulitaja, wala yeye hakuniuliza ni lipi. Alisema, "Haya, Mama. Lakini waya hizi tunazifanyaje?"

Kwa hiyo sikiliza tulivyofanya, na unisahihishe.

Tulingoja radi ipite, na usiku ule hakuna aliyeigusa swichi. Jumatatu asubuhi hakwenda kazini. Tulizima swichi kubwa kwenye mita na tukamweka Nafula mbali. Chemtai alishika tochi, kama mimi nilivyokushikia wewe, na alikuwa na maswali mengi kuliko mimi. Nilitenganisha waya zote nne, na safari hii nikazivalisha vipande vya tepu vyenye namba, moja hadi nne, nikizipanua mbali mbali zisigusane. Tukarudisha umeme. Bisibisi yako iliwaka kwenye waya moja tu: ndiyo inayouleta umeme kutoka kwenye mita. Tukazima, tukaiunganisha na ya pili, tukawasha. Nikabonyeza swichi ya mlangoni. Waya ya tatu ikawa na umeme, nikabonyeza tena ukaondoka. Basi ya pili inakwenda mlangoni na ya tatu inarudi kutoka huko. Iliyobaki, ya nne, ndiyo inayopita ukutani kwenda chumbani kwa Chemtai.

Hapo nikaona nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimeifunga ile ya chumbani pamoja na ile inayorudi kutoka mlangoni. Mashine yake ilikuwa inasubiri ruhusa yangu kila siku. Yule mzee alikuwa amezifunga tatu pamoja kwa sababu yake: inayoleta, inayokwenda mlangoni na inayokwenda chumbani, na ile inayorudi akaiacha peke yake kwenye soketi ya taa. Tukazima umeme na kuzirudisha alivyoziweka yeye, ndani ya kiunganishi kipya. Chemtai ndiye aliyekaza parafujo. Kisha akaenda chumbani, mimi nikasimama mlangoni.

"Nimezima. Imezima?"

"Haijazima."

"Nimewasha."

"Iko tu."

"Nimezima tena."

"Mama, iko. Acha sasa utaiharibu."

Tulimwita Njoroge aje aone kama kazi ni salama, nami nikamwambia ukweli kuhusu fundi mmoja. Alifungua, akapima, akafunga. Akasema, "Sasa mwalimu, utatunyang'anya kazi," na akakataa chai, ati ana haraka. Wewe nawe niandikie kama unaona kosa.

Sikukuandikia siku ile kwa sababu mayai yalikuwa bado. Chemtai aliyamulika kwa tochi moja moja na kuniletea habari ukumbini. Mayai kumi na tisa yalikuwa na mishipa ndani. Mengine yalikuwa maji. Alinionyesha moja lililo hai: aliliweka juu ya tochi pale mlangoni kwake, yeye ndani, mimi nje, na nikaona kitu chekundu chembamba kama mizizi, na katikati doa linalopiga. Sikuwahi kuona. Umri wote huu nimekula mayai.

Walitoka wakiwa wamechelewa siku mbili. Kwa hesabu ya Chemtai ilikuwa siku ya ishirini na tatu. Kwa hesabu ya mashine, ambayo ilianza upya tulipozima umeme Jumatatu ile, ilikuwa siku ya kumi na sita, na Chemtai alisema mashine hiyo haijui kusoma wala kuandika na mimi nisiifundishe. Wa kwanza alitoka asubuhi, akiwa amelowa na mbaya wa sura. Akakauka kwa joto akawa mpira wa manyoya. Chemtai alimbeba kiganjani hadi kizingitini.

"Huyu ni wako," alisema. "Huyu alivumilia."

Wametoka kumi na saba. Wawili hawakuweza.

Yule mama wa kwaya alikuja kuchukua wake, na Chemtai alimwambia kwamba mara ya kwanza umeme ulikuwa na hitilafu, na mama mkwe ndiye aliyeirekebisha. Nilifungua mdomo kumsahihisha. Akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaufunga.

Wengine wamesalia hapa wapate nguvu kwanza. Wako sebuleni, ndani ya katoni lenye maranda, chini ya taa yako. Tumeitia balbu ya zamani, ile inayotoa joto. Ninakuandikia nikiwa kwenye kiti cha wageni, na mmoja, yule wangu, amelala amesimama.

Msalimie shemeji yangu anayekukamulia ng'ombe, na umwambie maziwa ya jioni asiyachanganye na ya asubuhi. Msalimie dada yako wa Misikhu. Vitenge alivyoniagizia nimevipata, nitakuja navyo. Wasalimie walimu wenzangu wastaafu mkikutana kanisani, lakini hadithi hii usiwape. Chemtai anakusalimu na kusema uje nao ule mguu, ataukanda kwa dawa ya kwao. Nafula anauliza kama babu ana meno yote. Aliniomba nibaki hadi shule zifungwe, mkwe wetu, si Nafula. Nimekubali.

Ni saa nane mchana, Baba Wanjala. Nje jua ni kali, pazia nimelifungua, sebuleni hakuna mgeni, na taa inawaka. Imewaka siku tatu mfululizo. Swichi ya mlangoni nimeifunika kwa tepu nyeusi kwa mkono wangu mwenyewe. Unaweza kucheka sasa. Mimi nimekwisha kucheka.

Mkeo akupendaye,
Mama Wanjala.